Sura ya Nne: Kifua Kinachorudi

Daftari lenyewe ni la shule, la kurasa 48, na nyuma lina jedwali la kuzidisha. Mbele, penye mstari wa jina la mwanafunzi, mke wangu aliandika "Kifua". Penye mstari wa somo hakuandika kitu. Nyumbani kwetu Mtendeni, mjini Tabora, Somo ni mtu: ndivyo mama yangu anavyomwita mjukuu wake wa tatu, kwa kuwa mtoto amepewa jina lake. Mstari ulikuwa umeshamtaja mwenyewe.

Ukurasa wa kwanza unasema hivi: "Juni 11. Saa 8 usiku. Baridi. Pumzi 58. Jiko lilikuwa ndani." Hakuna kingine. Somo alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne.

Hatukulinunua kwa busara zetu. Siku moja muuguzi alituuliza swali jepesi: hii ni mara ya ngapi kifua kumbana mtoto? Mimi nikajibu mara ya tatu. Mke wangu, kwa wakati uleule, akajibu mara ya sita. Tulipofika nyumbani na kumwuliza mama, akasema, "Tangu azaliwe." Watu wazima watatu tunalala chini ya paa moja, na hakuna aliyejua ugonjwa wa mtoto umekuja mara ngapi. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake, na kila hesabu ilikuwa ya kukisia.

Ndipo nilipoelewa kwa nini tulikuwa tunazunguka. Leo duka la dawa, kesho zahanati, mwezi ujao hospitali, safari hii mama yake ndiye aliyempeleka, safari ile mimi. Kila tulikofika, kifua kilikuwa kipya. Mhudumu anamwona mtoto anayekohoa na kuhema, anamtibu mtoto anayekohoa na kuhema, na kwa alichokiona yuko sahihi. Kwa miezi tisa Somo alikunywa amoksilini mara tano na sirapu za rangi nne. Ugonjwa unaorudi una shahidi mmoja tu, naye ni nyumba ya mtoto. Nyumba ikisahau, hakuna wa kuulizwa.

Kuhesabu pumzi hakuhitaji shule kubwa, kunahitaji subira. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Akiwa amelala ndiyo bora. Mpandishe fulana mpaka kifuani, uangalie pale tumbo linapokutana na mbavu. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Washa saa ya simu uhesabu dakika nzima. Wanaohesabu nusu dakika wakazidisha mara mbili hukosea sana, kwa sababu mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio: huenda mbio kidogo, akasita, akaenda tena. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha 60, wa kuanzia miezi 2 ambaye hajatimiza mwaka akifikisha 50, na wa kuanzia mwaka 1 ambaye hajatimiza miaka 5 akifikisha 40, huyo anapumua haraka kupita kawaida. Viwango hivi ni vya Shirika la Afya Duniani, na ndivyo wanavyofundishwa wahudumu wa zahanati zetu. Homa nayo hupandisha hesabu, kwa hiyo andika na joto lake kama una kipimajoto, au andika tu "ana moto".

Kuna dalili ambazo ukiziona unaacha kuhesabu na kutafuta usafiri. Mbavu za chini kubonyea ndani kila anapovuta pumzi. Pua kutanuka. Kuguna kila anapotoa pumzi. Kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila anachopewa, degedege, kulegea hata ukimwita haitiki. Midomo na ulimi kugeuka rangi ya bluu au ya majivu. Kwa ngozi zetu, fungua kinywa uangalie kwa ndani, usitegemee uso.

Dalili nyingine sikuisoma popote. Niliifundishwa usiku wa Septemba 3, na kwenye daftari imepigiwa mstari mara mbili. Somo alikuwa akilia filimbi kifuani tangu magharibi. Kwenye saa 6 usiku filimbi ikakoma. Nikamwambia mke wangu amepata nafuu, tulale. Mama akaingia, kanga begani, hakuwasha hata taa. Akaweka kiganja mgongoni mwa mtoto, akakiacha pale kwa muda.

"Baba," akaniambia, maana hivyo ndivyo anavyoniita tangu nilipooa, "huyu hajapata nafuu. Huyu amechoka."

Nilipomulika kwa simu nikaona shimo chini ya koo likiingia na kutoka. Filimbi ni sauti ya hewa inayopita kwenye njia iliyobana, na mluzi unahitaji upepo. Hewa ikiwa kidogo mno, hakuna kinacholia. Kifua kilichonyamaza huku mtoto anazidi kulegea ni kibaya kuliko kinachopiga kelele. Tuliondoka kwa bodaboda, mtoto amekaa wima kifuani kwa mama yake, amefunikwa mgongo na kichwa lakini pua iko wazi. Mtoto anayehema usimlaze chali, wala usimfunge kwenye mbeleko ikambana kifua. Hospitali walimpa oksijeni, salbutamoli ya kuvuta kupitia barakoa, na dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa. Alfajiri aliomba uji.

Njia za misafara zimeshabeba wagonjwa wa mapafu kabla yetu. Mapema mwaka 1869, David Livingstone alishikwa na nimonia ya pafu la kulia akielekea Ujiji, akashindwa kutembea. Msafara wa mfanyabiashara Mwarabu, Mohamad Bogharib, ndio uliombeba kwenye kitanda mpaka ziwani, wakafika Ujiji mwezi Machi. Miaka mitatu baadaye alikaa miezi kadhaa kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, akisubiri wapagazi. Watu huenda kuliangalia tembe lile wakisimuliwa habari za Stanley aliyekuja kumtafuta. Mimi huwafikiria zaidi wale waliobeba kitanda, ambao kwenye simulizi hawana jina.

Sasa, ugonjwa wenyewe unaitwaje? Mtaani kuna majina matatu, na yanachanganywa. Kichomi ni maumivu ya mbavu, ambayo mtoto wa mwaka mmoja hawezi hata kuyasema. Nimonia ni maambukizi ya mapafu yenyewe. Duniani huua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka 5 kila mwaka, na ile ya bakteria hutibiwa kwa antibiotiki. Pumu ni njia za hewa zinazovimba na kujibana zikichokozwa, na antibiotiki haina kazi hapo. Katikati ya nimonia na pumu kuna kundi kubwa la watoto wanaolia filimbi kila wakipata mafua, na ambao daktari mwangalifu hataharakisha kuwaita wenye pumu.

Daktari wetu hakuharakisha, nami nilikasirika, nikidhani anakwepa. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Tucson, mji mkavu wenye vumbi kule Arizona, Marekani, ambako watafiti waliwafuatilia mamia ya watoto tangu kuzaliwa. Matokeo ya mwaka 1995 yalionesha kwamba kati ya waliolia filimbi kabla ya kutimiza miaka 3, takriban watatu kati ya watano walikuwa wameacha walipofika miaka 6. Njia zao za hewa zilikuwa nyembamba tu, zikakua pamoja nao. Waliobaki waliendelea kulia filimbi, na baadhi yao ndio wenye pumu. Shida ni kwamba ukimtazama mtoto wa mwaka mmoja usiku mmoja, huwezi kujua yuko upande upi. Unaweza kujua kwa kumfuatilia: je, hubanwa na mafua tu, au hata akicheka, akikimbia, akivuta moshi? Hukohoa usiku asipokuwa na mafua? Kuna pumu au ukurutu kwa baba au mama? Maswali hayo yote majibu yake hayako hospitali.

Katikati ya mwaka ule wa kwanza jirani mmoja, mtu mwema, aliyekuja na uji wa mgonjwa kwenye chupa ya chai, alituita pembeni. "Mnateseka bure. Mpelekeni akakatwe kimeo."

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa. Kwa asiyejua, kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na kuna mafundi wanaokikata wakiamini kikirefuka ndicho kinacholeta kikohozi kisichoisha. Si desturi yetu peke yetu; vinyozi wa jadi wa Kihausa kule Nigeria na Niger hukata, Ethiopia hukata. Daktari yeyote wa masikio, pua na koo nchini atakuambia juu ya watoto walioletwa wakivuja damu baada ya wembe ule, au wakiwa na usaha kooni, au pepopunda. Wengine hawafikishwi. Na kimeo hakikai kwenye njia ya hewa inayobana. Tatizo liko chini zaidi, kwenye vijibomba vya mapafu ambavyo hakuna wembe unaovifikia.

Lakini simcheki jirani, kwa sababu mwanawe alikatwa na kikohozi kikaisha kweli. Kikohozi cha mafua huisha chenyewe, mara nyingi ndani ya wiki mbili, na watu hukimbilia kwa fundi siku ya kumi, walipochoka. Siku ya kumi na tatu mtoto analala vizuri, sifa anapewa fundi. Sirapu nazo hupata sifa kwa njia hiyohiyo. Za kikohozi hazimsaidii sana mtoto mdogo, na nyingine ni hatari: mwaka 2022 nchini Gambia vifo vya watoto zaidi ya 60 vilihusishwa na sirapu zilizochafuliwa na kemikali iliyoharibu figo zao. Sisi wa Tabora tuna asali, tena ya miombo. Kijiko kidogo kabla ya kulala hutuliza kikohozi cha mtoto aliyetimiza mwaka. Asiyetimiza mwaka asipewe hata ya kulamba, kwa kuwa asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumboni mwa mtoto mchanga hutoa sumu ya kulegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

Turudi kwenye daftari. Kufikia Desemba lilikuwa na matukio 14, na nililichukua jioni moja nikiwa na kalamu nyekundu. Juni na Julai yalikuwepo manne, yote usiku, mengi yakiwa na maneno "jiko ndani". Hapa kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, usiku wa miezi hiyo baridi inauma, na watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha. Moshi unaoonekana ni nusu ya tatizo. Mkaa uliokolea bila moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo imeua familia nzima zikiwa usingizini. Jiko letu halijaingia ndani tena tangu siku ile. Tumeongeza blanketi.

Septemba na Oktoba ni vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Tukio moja lilitokea aliporudi kutoka Urambo kwa shangazi yake, ambako nyumba iko karibu na mabani ya kukaushia tumbaku. Nimeliwekea alama ya kuuliza, kwa sababu tukio moja si ushahidi. Mvua za kwanza za Novemba zilileta mafua, na mafua yakaleta mawili.

Kilichonishtua kilikuwa kitu kingine. Matukio sita kati ya 14 yaliangukia Alhamisi usiku.

Nilimwonesha mke wangu. Akaangalia chini. Alikuwa ameshaona tangu Agosti, akanyamaza. Alhamisi magharibi, usiku wa kuamkia Ijumaa, mama yangu huwasha chetezo. Huweka udi na ubani, huzunguka nacho vyumba vyote, na mwisho humfukiza Somo mwenyewe, akimpitishia moshi juu ya kichwa huku akimsomea dua, kwa sababu ndiye mjukuu asiye na afya na ndiye anayehitaji zaidi. Mkwe angemwambia nini?

Nilimsubiri mama amalize swala ya isha. Nikamsomea tarehe moja baada ya nyingine, bila kusema siku. Alikuwa na tasbihi mkononi. Kwenye ya tatu aliacha kuivuta.

"Hizo ni Alhamisi?"

"Si zote, mama. Sita."

"Nyie wote mmekulia kwenye udi huuhuu."

"Ndiyo, mama. Sisi ulituafiki."

Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, si kwa hasira, "Kwa hiyo nilikuwa namwumiza somo yangu?"

Sikuwa na jibu zuri, na mpaka leo naona swali lile ndilo gumu kuliko yote katika kulea mtoto wa aina hii. Mara nyingi kinachomdhuru hakitoki kwa adui. Kinatoka kwenye chetezo cha bibi, dawa ya mbu ya kuwasha anayowekewa na mama yake ili asiugue malaria, sigara ya mjomba anayempenda kuliko wote, mafuta mazuri ya mgeni. Ukisema kwa ukali unavunja nyumba, na mtoto anahitaji nyumba kuliko anavyohitaji hewa safi peke yake. Mama aliamua mwenyewe. Dua inabaki ndani, udi unachomwa uani, na nguo za Ijumaa hufukizwa asubuhi Somo akiwa kwa jirani. Alhamisi zilizofuata ziliandikwa kwenye daftari hata pasipotokea kitu: "Hakuna. Hakuna. Hakuna. Mafua kidogo. Hakuna."

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Mei 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema. Kwetu gesi huchemsha chai na kukaanga yai. Maharage na makande bado ni ya mkaa, maana mtungi ukiisha katikati ya mwezi hakuna wa kukukopesha, lakini mkaa wa kopo upo kila kona. Tulichoweza ni kulihamishia jiko chini ya mwembe na kumzuia mtoto asikae mgongoni kwa mpishi. Ukiweza hilo, umefanya kubwa.

Tulipolipeleka daftari hospitali, daktari alilisoma lote, pamoja na ukurasa ambao kaka yake Somo alichora gari. Akaagiza kitu ambacho hakikuwahi kutajwa: dawa ya kinga, ya kuvuta kila siku, hata siku asizokohoa. Wengi hukwama hapo. Pampu ya pumu mtaani ni kitu cha mahututi; wanasema ukiizoea huachi, inaua moyo. Lakini vidonge na sirapu ya salbutamoli, vinavyoonekana vya kawaida, ndivyo vinavyozunguka mwili mzima na kumfanya mtoto atetemeke na moyo umwende mbio. Pampu hupeleka kiasi kidogo tu, palepale panapohusika. Na pampu ziko mbili. Ya kutuliza hufungua njia za hewa ndani ya dakika chache. Ya kinga, yenye steroidi kidogo, huondoa uvimbe polepole kwa wiki kadhaa, na kwa kuwa huoni kitu siku ile ile, watu huiacha. Ukitumia ya kutuliza peke yake kila siku, unazima king'ora na moto unaendelea kuwaka.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta pampu moja kwa moja. Dawa humwishia ulimini. Anahitaji chombo cha katikati, na cha dukani hakikupatikana. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet utafiti uliowapa watoto waliobanwa na pumu chupa ya plastiki ya nusu lita, na ikafanya kazi sawa na kifaa cha kununua. Basi tulikaa uani na chupa tupu ya maji. Unapinda waya kwa umbo la mdomo wa pampu, unaupasha moto, unaubandika kwenye kitako cha chupa, plastiki inakatika mviringo. Pampu iingie kwa kubana. Panapovuja, gundi ya karatasi. Unaiosha kwa maji ya sabuni na kuiacha ijikaushe bila kuipangusa, kwa sababu ukipangusa kwa kitambaa plastiki huvuta dawa ikagandia ukutani. Mdomo wa chupa tuliuunganisha na barakoa ndogo tuliyopewa hospitali, ikafunika pua na kinywa.

Tikisa pampu. Mpulizo mmoja, si miwili kwa pamoja. Mtoto apumue kawaida mara tano au sita, barakoa ikiwa imekaa sawasawa usoni. Kisha mpulizo wa pili kama ameandikiwa. Baada ya dawa ya kinga, asukutue au anyweshwe maji na kupanguswa uso, utando mweupe usimwote kinywani. Siku tatu za kwanza Somo alipigana. Siku ya nne bibi yake alijivisha barakoa yeye kwanza, akahema mara tano kwa madaha, na mchezo ukaanza. Muulize daktari akuandikie kwa maandishi: mipulizo mingapi akibanwa, irudiwe baada ya muda gani, na ni mara ngapi kabla ya kuondoka nyumbani. Karatasi yetu imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Mwisho wake imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba tusisubiri asubuhi.

Si kila kifua kinachorudi ni pumu. Mtoto aliyekuwa mzima kabisa, akapaliwa ghafla na tangu siku hiyo analia filimbi upande mmoja, huenda ana karanga kwenye bomba la pafu. Mkoani humu Waingereza walikuja Urambo mwishoni mwa miaka ya 1940 na mradi mkubwa wa karanga ulioshindwa, lakini karanga zenyewe tunazo za kutosha, na asiyetimiza miaka 4 apewe za kusaga tu. Asiyeongezeka uzito, anayetoka jasho usiku, au anayeishi na mtu mzima aliyekohoa wiki mbili na zaidi, apimwe kifua kikuu. Mwenye nimonia za kujirudia apimwe selimundu na VVU. Anayehema na kutoka jasho akinyonya, achunguzwe moyo. Na kadi ya kliniki iwe imekamilika: chanjo ya nimonia iko kwenye ratiba yetu tangu mwanzoni mwa 2013, hutolewa wiki ya 6, 10 na 14.

Mwaka wa pili daftari lina matukio manne. Mwaka wa tatu moja.

Tatizo lililobaki lilikuwa la mchana. Mimi na mke wangu tunakwenda kazini, Somo anabaki na bibi yake, na mama haioni vizuri saa ya simu. Anaweza kuhesabu, lakini akifika 27 mtu anabisha hodi na hesabu inapotea. Kule Sudan Kusini wahudumu wa jamii wasiojua kusoma waliwahi kupewa shanga za kuhesabia pumzi: kila pumzi unavuta punje moja, ukifika kwenye rangi fulani kabla ya dakika kwisha, mtoto ni mgonjwa. Nilimsimulia mama. Akacheka, akaniambia hiyo ni kazi aliyoifanya maisha yake yote. Akanunua tasbihi nyingine ya punje 99, ya plastiki, ili asichanganye na ile ya ibada. Mke wangu akafunga uzi mwekundu baada ya punje ya 40. Simu tumeiweka ilie ikitimia dakika.

Inaning'inia kwenye msumari kando ya mlango. Februari ijayo Somo anatimiza miaka 5. Mdogo wake amezaliwa na ana wiki tano, kwa hiyo tasbihi imeongezwa nyuzi mbili: wa kijani kwenye 50, na mweusi kwenye 60.